Kabla hujachomeka mbegu ya mkoko kwenye tope, nisikize kwanza

Juzi wakati wa bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, nilipita kijiji kimoja huku kusini ya Mombasa nikaona vijana kama arobaini wako kwenye tope, fulana mpya, magunia ya mbegu za mkoko, wamenyoosha kamba laini safi kabisa, mita moja kwa mita moja, wanachomeka na wanaimba. Mbele yao hakuna mti, nyuma yao hakuna mti, ni tope na nyasi za bahari mpaka kule maji yalikokimbilia. Nikamsimamisha wa boda nikamwambia aningoje, nikakaa kando nikawatazama mpaka koo ikanikauka, manake mimi nshafanya hivohivo, na nilifanya vibaya kuliko wao. Nikateremka nikaongea na kiongozi wao, kijana mstaarabu, intani, akaniamkia vizuri, akanisikiza mpaka mwisho, alafu akasema, "Sawa dada, lakini taageti ni elfu kumi na wageni wako njiani."

Basi nimerudi nyumbani nimekaa kuandika. Hii ni ya nyinyi mlioingia mwaka huu, maintani, wa diploma ya misitu, wale wa CFA (vikundi vya jamii vya misitu) na BMU (vikundi vya kusimamia ufuo) mliochaguliwa juzijuzi. Sitaeleza kwadrati ni nini wala maji mafu ni nini, hayo mshafunzwa. Nataka kueleza yale ambayo hamtayaona kwenye kitabu cha mwongozo wala kwenye treining ya siku mbili hotelini.

1. Mikoko si mkoko peke yake

Kenya tuna aina tisa za miti ya mikoko na nyinyi mnapanda moja. Mlilana, mkoko, muia, mkandaa, mchu, mkomafi, mkomafi dume, kikandaa, msikundazi. Ukiniambia we ni mtu wa mikoko na huwezi kunitajia hiyo tisa ukiwa umefumba macho, rudi kwa wazee ukakae nao wiki, Kilatini utakiandika kwenye fomu baadae.

Kila mmoja ana pake. Mlilana ndo unakaa mbele kabisa unapigwa mawimbi usoni, nyuma yake mkoko na muia, kisha mkandaa, na mchu ni mti wa ajabu, utaukuta mbele na utaukuta tena nyuma kabisa kule kwenye chumvi kali ambako wenziwe hawataki hata kusikia. Msikundazi unapenda penye maji tamu, ukitaka kuuona vizuri nenda pande za mto Tana. Sasa kwa nini sote tunapanda mkoko? Kwa sababu mbegu yake ni ndefu kama rula, inaokotwa, haitaki naseri, unaichomeka tu na picha inatoka nzuri. Hakuna sababu nyengine. Mbegu ya mchu ni ndogo na inaoza haraka, mlilana yataka uhamishe miche uliyoikuta imeota yenyewe, tunda la mkomafi ni kama mpira na mbegu zake zimepangana ndani kama fumbo, yote hayo ni kazi, na kazi hatutaki.

Fundi mmoja wa majahazi aliwahi kuniuliza, "Nyinyi mwapanda boriti tupu, mataruma nitayakata wapi?" Alikuwa anaongelea mlilana, manake ndo unaotoa ile mbao ya kujipinda ya mbavu za chombo. Nilikuwa na digrii na sikuwa na jibu. Na huo mlilana wenyewe, pale Gazi, kijiji cha pwani ya kusini, kuna nondo na mbawakawa fulani, wote watoboaji, wanaingia kwenye matawi yake yanakauka kuanzia ncha, kwa hivyo ukiupita usiangalie shina tu, inua kichwa.

2. Jedwali la maji kujaa na kupwa

Liwe kwenye simu na liwe kwenye karatasi pia mfukoni, na bamvua huku kwetu maji huwa yamepwa kabisa kama saa nne asubuhi, ukifika saa sita umekuja kuogelea.

3. Ardhi tupu si ardhi isiyo na mwenyewe

Hii ndo nimekuja kuisema, hizi nyengine nimezijaza tu.

Miaka kumi na kitu nyuma nilikuwa fild ofisa mpya kwenye projekti fulani, kijiji sikitaji, kikundi sikitaji. Nilikuwa na hamu ya kazi vibaya sana, nalala na ramani kitandani. Mfadhili akataka tukio la 26 Julai, siku ya mikoko duniani, watu waje, ofisi ya kaunti ije, shule zije. Tukatafuta mahali. Karibu na barabara kulikuwa na fungu la tope pana, limenyooka, bamvua likipwa waona kama uwanja wa mpira, na gari laweza kuegeshwa karibu. Nikasema hapa. Yaani nilichagua kwa sababu ya gari na picha, nasema hivi mbele yenu nyote.

Wiki moja kabla tulikwenda kupiga kamba. Kulikuwa na bibi mmoja pale na kikapu chake, anachimba makombe, wale wa ganda wanaoliwa. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa mwafanya nini?" Nikamwambia twarudisha msitu, bibi. Akanyamaza kidogo akaniuliza, "Msitu uliokuwa wapi?"

Nikacheka kidogo, ile ya adabu. Akasema, "Mimi nimeolewa hapa kigoli, sijaona mti hapa. Mbegu za mkoko zapita hapa na maji kila siku ya Mungu. Lau pangekuwa pake zingeshuka zenyewe."

Sentensi mbili. Alinipa somo zima la zonesheni, yaani mti gani hukaa wapi, kwa sentensi mbili, na mimi nikamjibu, "Bibi, hii ni sayansi." Namshukuru Mungu alikuwa mtu mpole.

Siku ikafika, watu mia tatu, tukapanda mbegu elfu kumi na mbili. Zote za mkoko. Tulizitoa kwenye msitu wa jirani, tukaukwangua, mpaka zile ambazo hazijakomaa tulizivuta. Tukaweka bango na kamba pembeni na mimi ndo niliyewaambia wanawake wasipite pale wasije wakakanyaga miche. Wakahamia ng'ambo ya mlango wa bahari, inabidi wavuke maji ya kiuno na vikapu kichwani kufuata makombe waliyokuwa wakiyapata mlangoni kwao.

Julai ni kusi. Kila mtoto wa pwani anajua Julai ni kusi, upepo wa kusini, mawimbi yako juu, na sisi tumechomeka vijiti elfu kumi na mbili mahali pasipo na hata mti mmoja wa kuyakinga. Wiki ya pili nyasi za bahari zilizong'oka zilijilundika kwenye miche zikailaza. Iliyobaki imesimama ikaingia vile vijiganda vyeupe vigumu vinavyong'ang'ania kila kitu baharini, shina jembamba kama penseli limebeba mzigo wa kilo, linapinda, linavunjika. Na ile iliyonusurika na hayo yote ilikuwa inazama tu, pale palikuwa chini mno, mche unakaa ndani ya maji saa nyingi kuliko unavyoweza kuvuta pumzi. Mti wa mkoko wapenda maji lakini haufugwi ndani ya maji, ni vitu viwili tofauti.

Mwezi wa tatu nikaenda kuhesabu. Nilikuwa na ploti kumi, vipande vya kuhesabia, nilizozichora kwenye ramani, nikafika ya kwanza sufuri, ya pili sufuri, ya tatu mche mmoja. Nikasimama pale na ubao wangu wa kuandikia. Upande wa juu karibu na ufuo kulikuwa na ukanda mwembamba ambao miche ilikuwa bado hai. Nikahamisha ploti. Nilizitoa zilikokuwa nikazipeleka kule kwenye ukanda, zote kumi, nikahesabu, nikapata asilimia 61, nikaandika 61 kwenye ripoti. Hakuna aliyeniambia nifanye hivo. Bosi wangu hakujua. Nilijiambia ni kwa ajili ya kikundi, wanawake walikuwa wamelipwa siku zao za kupanda, nikiandika ukweli pesa itakata na wao wataumia. Nilijiambia mengi.

Mfadhili akafurahia 61 akaleta awamu ya pili, mbegu elfu ishirini, fungu lilelile. Mara ya kwanza nilikosa kwa ujinga, hiyo nimejisamehe. Mara ya pili nilijua. Nilisimama pale na kamba mkononi nikaelekeza watu wapande mahali ambapo nilijua hapataota kitu, na walipanda kwa moyo, wengine na watoto mgongoni, nikiwatazama.

Hazikufika mwaka. Mbegu elfu thelathini na mbili kwa jumla, mbegu ambazo lau tungeziacha kwenye msitu wao nyengine zingeliwa na kaa, nyengine zingejipanda zenyewe penye nafasi, zote zingekuwa na faida. Na chini ya miguu yetu tukakanyaga nyasi za bahari wanazokula tafi, tukavuruga tope ambalo ndege wanaotoka mpaka Siberia wanakuja kulisha. Bayoanuwai tuliyokuja kuilinda ilikuwepo pale tayari. Haikuwa na umbo la mti tu.

Siku moja nimekwenda kutoa vigingi nikamkuta yule bibi amekaa anafungua kamba yetu iliyomzonga mguuni. Nikapiga magoti nikamsaidia. Hakusema neno juu ya miti. Alipoinuka alitia makombe kwenye mfuko akanipa, akasema, "Wapelekee wanao." Nilifika nyumbani sikuweza kuyapika.

Ilinichukua miezi mingine mpaka nikapata moyo wa kusoma hesabu ya kweli mbele ya kikundi, chini ya mwembe, kutoka kwenye daftari langu, si ripoti. Kuna walioinuka wakaondoka. Mfadhili nilimwandikia wiki hiyohiyo, na hakukuwa na awamu ya tatu. Kamba ya kuzuia watu tuliitoa siku ileile, na hiyo ndo kazi ya maana ya kwanza niliyoifanya pale.

Baadae nikasoma ya Sri Lanka nikajua si mimi tu. Baada ya tsunami ya 2004 walipanda mikoko kwa haraka kwenye maeneo 23, na watafiti waliporudi kuangalia, maeneo 9 hapakuwa na mche hata mmoja uliobaki, na sababu nyingi ni zilezile, mkoko ulipandwa kila mahali, mahali pabaya, hakuna aliyeuliza. Kujua hivo hakukunipunguzia kitu, lakini kwenu nyinyi itoshe kuwa onyo kubwa.

4. Mbegu

Okota iliyoanguka au iliyokomaa, ile ambayo ukiigusa inaachia yenyewe na pete ya juu imeshatokeza, usivute mbichi, usimalize mti mmoja, weka kivulini na unyevu, chomeka theluthi tu isiingie nusu, na ncha ije chini jamani, ncha chini, nimeona ploti nzima ya wanafunzi imepandwa kichwa chini miguu juu.

5. Pakiwa pamekufa, uliza pamekufa kwa nini

Kabla ya kupanda chochote mahali palipokuwa na mikoko na sasa hapana, uliza nini kiliiua na kama hicho kitu kimeondoka. Mwache, kule juu ya bandari ya Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi ukafunika mizizi ya pumzi, miti ikafa imesimama. Ukienda kupanda juu ya udongo uleule bila kujua umetoka wapi na kama bado unashuka, unafanya nini? Shida iko milimani kwenye mashamba, we uko pwani na gunia.

Watu wanapenda kunitajia Gazi, ati mbona kule ilifaulu. Ilifaulu, na nyinyi mnaosema hivo hamjakaa mkaisoma. Gazi palikuwa na msitu, ukakatwa miaka ya 70 kwa kuni za viwandani, na watu wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na samaki, walianza majaribio ya kupanda mwaka 1991, kidogokidogo, wanajua nini kilikuwa wapi. Ilipokuja Mikoko Pamoja mwaka 2013, ile projekti ya kuuza kaboni, yaani kijiji kulipwa kwa kaboni ambayo msitu unaivuta na kuihifadhi, eneo ni hekta 117 na sehemu kubwa sana ya hizo ni msitu wa asili unaolindwa usikatwe, uliopandwa ni kipande kidogo. Rudia kuisoma hiyo sentensi. Pesa ya maji na ya vitabu vya shule wanayoipata pale inatokana zaidi na miti ambayo hakuna aliyeipanda.

Na kile kijiji changu, nimalizie. Nyuma ya barabara, mita mia mbili kutoka lile fungu nililoliharibu, kulikuwa na kipande cha mkandaa kimekauka, vijiti vyeupe, chumvi juu ya ardhi inang'aa. Nilikuwa nimekipita kila siku miaka miwili na pikipiki. Mvuvi mmoja ndo akaniambia kilikufa barabara ilipojengwa, kalvati, ile njia ya maji chini ya barabara, ikaziba, maji ya bamvua hayaingii tena. Tukaenda na majembe, watu kumi na wawili, siku tatu, tukazibua kalvati na kufuata mkondo wa zamani tukaupa njia. Hatukupanda kitu. Baada ya mvua kubwa ya mwaka uliofuata niliona michu midogo, majani mawilimawili, imejaa kama mchicha, na mkandaa ukafuata. Nililia pale peke yangu kwenye tope. Mpaka leo sina picha ya uzinduzi wa mahali hapo manake hapakuzinduliwa.

6. Mkataji si adui yako

Jueni majina ya kazi ya miti ya kujengea, kutoka nyembamba mpaka nene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mtu akikwambia anatafuta pau amekwambia unene anaotaka, na ukitembea msituni ukaona visiki vyote ni vya boriti na miti iliyobaki ni ile iliyopinda, we huhitaji satelaiti kujua shida ya msitu huo. Boriti za Lamu zilijenga nyumba Uarabuni karne na karne, zimepakiwa na majahazi kwenda na kusi, mpaka serikali ikapiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Lamu ndo kuna kama asilimia 62 ya mikoko yote ya Kenya, na yote ni kama hekta elfu 61 hivi, kwa hivyo mambo ya Lamu si ya Lamu peke yao. Na marufuku bila mbadala ni maneno, mtu ataezeka nyumba na nini? Gazi walipanda mivinje ya kujengea na ya kuni, kando, nchi kavu, hilo ni jambo la akili. We ukifika kijijini usianze na mkutano wa kukataza. Anza kwa kuuliza bei ya pau mwaka huu.

7. Kuhesabu

Ploti ni za kudumu, zina GPS, na hazihami. Hazihami. Utahesabu mwezi wa tatu, mwaka, miaka mitatu, na ukipata sufuri andika sufuri, andika na sababu, na ukiona mkubwa wako anakunja uso kwa sababu ya sufuri nipigie mimi nije tukae naye. Wafadhili nao nawaomba, mkiwa mnasoma hii, acheni kuuliza miche mingapi imepandwa. Ulizeni mingapi iko hai mwaka wa tatu, ni ya aina ngapi, na nani aliulizwa kabla.

Nilikuwa nataka kuandika na ya nane juu ya viatu na kuumwa na usubi, lakini yule intani wa juzi amenipigia jana usiku, namba yangu aliitoa kwa wa boda. Wageni walikuja, picha zilipigwa, na yamebaki magunia matatu. Akaniuliza ayafanyeje. Nikamwambia ayaweke chini ya mti ayamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama ile ploti yake ya kwanza aihesabu sasa au angoje. Nikamwambia aihesabu sasa, na aende na mama yeyote anayechimba pale, abebe kikapu chake, asiongee sana.

Nyuma ya kijiji chao kuna kipande kimekauka pia, nimekiona nikiwa juu ya boda. Jumamosi ya bamvua inayokuja tunakwenda kukiangalia, mimi na yeye na yeyote kati yenu anayeweza kufika. Tunakutana kwenye daraja saa mbili asubuhi. Leteni majembe, magunia hapana.